Yadi Sita za Waya

Jumatano, tarehe 12 Novemba 1958. Asubuhi mvua nyepesi, ile isiyojaza pipa wala kumpa mtu ruhusa ya kubaki kitandani. Saa nne jua kidogo. Jioni mawingu tena.

Hivyo ndivyo daftari langu linavyoanza siku hiyo, na hali ya hewa ndiyo sehemu ninayoiamini zaidi. Yaliyofuata niliyaandika nikiwa nimefurahi, na mtu aliyefurahi hupunguza makosa yake bila kujua. Kwa hiyo nayaandika tena sasa, polepole, nikijaribu kumpa kila mtu haki yake.

Wakati huo nilikuwa msaidizi wa fundi wa stima katika shamba moja la kahawa kati ya Ruiru na Thika. Nilikuwa mtu wa thelathini, nina bibi na mtoto mmoja, nimetoka huko magharibi, ambako wakati ule sote tuliitwa Wakavirondo, na elimu ya darasa la sita na barua ya mchungaji. Fundi mwenyewe alikuwa mzee wa Gatuanyaga, mwembamba, mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata jua likiwaka. Alijua stima kwa vidole na kwa masikio. Alikuwa na kijitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, alichoachiwa na fundi aliyemtangulia, lakini hakuweza kukisoma. Mimi nilikisoma nusunusu. Yeye alinifundisha mikono, mimi nikamsomea.

Siku za kwanza sikuelewa kitu. Volti, ampea, omu: kwangu yalikuwa kama majina ya wafalme katika Agano la Kale. Fundi ndiye aliyenifungua.

"Volti ni kelele ya nyapara," aliniambia. "Ampea ni watu wanaopita getini. Omu ni askari wa geti. Nyapara akipiga kelele sana, wengi wanapita. Askari akiwa mkali, wachache."

"Na wati?"

"Wati ni kahawa iliyochumwa mpaka jioni. Kelele peke yake haichumi."

Kijitabu kilisema hayo hayo kwa hesabu. Gawa volti kwa ampea, unapata omu, yaani ukaidi wa waya. Zidisha volti kwa ampea, unapata wati, yaani nguvu inayofanya kazi. Niliandika mistari hiyo miwili kwa chaki ndani ya kifuniko cha sanduku la vyombo, na kila ilipofutika nikaiandika upya. Nilijiona msomi. Naomba msomaji alikumbuke hilo.

Shamba lilifuga kuku pia, na nyuma ya ghala kulikuwa na chumba cha mawe chenye mashine ya kuangulia mayai. Ilikuwa kubwa kama kabati la nguo, imenunuliwa ikiwa tayari imetumika. Ndani, juu ya trei za mayai, kulikuwa na waya wa kupasha joto. Kando yake kulikuwa na kibati kidogo kilichovimba joto likizidi, kikakata stima, kisha kikanywea na kuirudisha. Ukisimama karibu ulikisikia: tik, baadaye tena tik. Kazi ya kibati ilikuwa kuzuia joto lisizidi. Joto likipungua hakikuwa na la kufanya.

Aliyeitunza alikuwa mama mmoja wa Ruiru, wa makamo, mwenye watoto wanne. Aligeuza mayai, akajaza maji ya unyevu, na mara tatu kwa siku aliandika kipimo cha joto katika daftari la mraba. Mayai yalitaka nyuzi mia moja kwa Farenhaiti, kipimo cha enzi hizo. Chumba alicholala na watoto wake kilikuwa cha kazi hiyo. Akiondolewa kwenye mashine, anaondoka chumbani.

Na alikuwa karibu kuondolewa. Mayai ya awamu iliyopita yalikuwa yameanguliwa vibaya. Mengi yalikufa ndani ya ganda. Karani wa shamba aliamua kwamba mama huyo anafungua mlango wa mashine ovyo na kuingiza baridi, maana daftari lake mwenyewe lilionyesha joto likishuka kila alasiri. Aliandika kitabuni kwamba awamu hii ikiharibika, mama atarudi kuchuma kahawa na chumba atapewa mwingine.

Karani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekaripiwa na meneja, na mtu aliyekaripiwa hutafuta wa kumpokeza. Ubaya ni kwamba na mimi niliamini kama yeye. Nilikuwa sijawahi kumwona mama yule akifungua mlango, lakini niliamini.

Asubuhi ile, kabla ya kengele ya kazi, alikuja mbio hadi mlangoni kwa fundi, na mimi nilikuwa pale nikitia tairi upepo.

"Baba, mashine imelala! Ni baridi kama kaburi!"

"Tangu lini?"

"Sijui. Saa kumi na moja nilipogusa ilikuwa imepoa. Nimeweka chupa za maji moto ndani na blanketi langu juu."

Mayai yalikuwa na siku kumi na nane. Yalibaki siku tatu tu. Tulifungua tukakuta waya umekatika mahali pawili, na kila fundi alipoushika ulivunjika tena kama uzi uliooza.

"Huu hauungiki," alisema. "Tunataka mpya. Kiasi gani, msomi?"

Pembeni mwa mashine kulikuwa na kibao cha shaba: volti 240, wati 240. Nilipiga hesabu juu ya ukuta kwa chaki. Wati mia mbili na arobaini kwa volti mia mbili na arobaini ni ampea moja. Volti 240 kwa ampea 1 ni omu 240. Nilirudia mara tatu kwa sababu jibu lilikuja rahisi mno, na mimi kitu rahisi hunitia wasiwasi.

Aliyekwenda Thika kununua ni mimi. Fundi angehitaji barua ya kumruhusu kutoka shambani, na siku hizo za hali ya hatari barua kwa Mkikuyu kama yeye ilichukua asubuhi nzima. Mimi nilipanda baiskeli tu nikaenda. Njiani sikulifikiria jambo hilo. Nalifikiria sasa.

Dukani mwenye duka alinionyesha gurudumu la waya mwembamba. Karatasi yake ilisema kila yadi moja ina omu kumi na mbili.

"Yadi ngapi?"

"Ishirini," nikasema, kabla hata hajamaliza kuuliza. Kumi na mbili mara ishirini, mia mbili na arobaini. Nilirudi na matope mpaka magotini, nikiimba.

Tuliuzungusha ule waya kwenye spoku ya baiskeli ukawa kama springi ndefu, tukautandaza juu ya vigae vya kuzuia moto. Fundi aliunga, mimi nikashika vipimo. Saa tano na nusu tuliwasha. Sindano ya volti ikasimama 240. Sindano ya ampea ikasimama moja, sawasawa, kana kwamba ilikuwa imesoma ukuta wangu.

"Haiya!" fundi akasema. "Chaki imeshinda."

Kufika saa saba kipimo cha joto kilikuwa mia moja, na kibati kikaanza tik yake. Mama alivuta blanketi lake kutoka juu ya mashine, akalikunja. Kisha akasema, "Saa kumi itashuka."

"Haitashuka, mama," nikamwambia. "Nimepiga hesabu."

"Kila siku saa kumi inashuka."

Ndipo nikasema neno ambalo daftari langu halina. Nilimwambia, "Wewe usifungue mlango tu."

Alinitazama. Hakukasirika, nafuu angekasirika. Alilibeba blanketi lake akatoka.

Karani alipita saa tisa, akasikia habari, akanivuta kando. "Wewe si wa hapa, huna shangazi wala mjomba hapa. Kaa kwenye huo mlango mpaka jioni. Akifungua, uniambie. Asipofungua, uniambie pia." Maneno hayo ya mwisho yalikuwa ya haki, na ninamhesabia.

Basi nikageuzwa askari wa geti. Nilikaa juu ya debe, mgongo karibu na mashine, kipimo cha joto mbele ya macho kupitia kioo. Mama alikaa nje juu ya jiwe akimenya viazi, mahali nilipoweza kumwona. Mlango ulikuwa umefungwa na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Saa kumi kasorobo ng'ombe walipita. Saa kumi, upande wa mtoni, mashine ya kumenya kahawa ilianza kunguruma. Wachumaji walikuwa wamefikisha magunia, na kazi ya kumenya huanza saa hiyo na kuendelea mpaka giza. Miaka yote mashine ile ilikuwa ikivutwa na injini ya dizeli. Tangu Oktoba mwaka huo ilikuwa ikivutwa na mota mpya ya stima, na sote tuliisifu kwa kutokuwa na moshi.

Saa kumi na robo kipimo kilisema tisini na tisa. Nikasafisha kioo kwa mkono. Saa kumi na nusu, tisini na saba. Nilisimama, nikapapasa mlango. Umefungwa. Nikatoa ufunguo mfukoni nikautazama, kana kwamba ungeweza kuwa ulitoka peke yake na kurudi.

"Ngapi?" mama akauliza kutoka nje, bila kuinua kichwa.

"Tisini na saba."

"Kesho nikikuambia kutanyesha, chukua mwavuli."

Fundi alifika akitoka mtoni, akasimama mlangoni, lakini hakutazama kipimo cha joto. Alitazama taa iliyoning'inia darini.

"Hii taa ina macho ya mgonjwa," akasema. "Iko manjano."

"Taa ni taa tu, mzee. Hebu tuangalie viungo."

"Viungo vyangu viko sawa. Nyapara ndiye amechoka kupiga kelele."

Daftari langu linasema ni mimi niliyesema tupime volti. Nadhani si kweli. Nadhani mimi nilikuwa nimekwisha chukua bisibisi nikitaka kufungua viungo vya watu, na ni yeye aliyenipokonya na kuniwekea kipimo cha volti mkononi. Lakini ni miaka mingi. Naandika yote mawili, msomaji achague.

Sindano ilipanda, ikasimama mia mbili kamili. Niliigonga kwa kucha. Mia mbili. Ile ya ampea ilikuwa chini kidogo ya moja: themanini na tatu kwa mia.

Nilikaa tena juu ya debe. Kosa langu lilikuwa limeandikwa ukutani kwa chaki, kubwa, kwa mwandiko mzuri. Nilikuwa nimeamini kibao cha shaba. Kibao kilisema 240, nami nikadhani stima nayo imekisoma kibao. Asubuhi ilikuwa hivyo kweli. Lakini chumba hiki kilikuwa mwisho wa waya mrefu uleule uliopitia mtoni, na mota ya kahawa ikianza kunywa, sisi wa mwisho tunabakiziwa.

"Piga," fundi akasema, akinipa chaki.

Nikapiga. Mia mbili gawa kwa sifuri nukta themanini na tatu: omu mia mbili na arobaini, na moja hivi ya kupotea njiani. Waya haukubadilika, askari wa geti alikuwa yuleyule. Mia mbili mara sifuri nukta themanini na tatu: wati mia moja sitini na sita. Mashine iliyotaka mia mbili na arobaini ilikuwa ikila mia na sitini na sita. Hazifiki hata robo tatu.

"Anapewa nusu posho na anaulizwa kwa nini hana nguvu," fundi akasema. Sijui alisema juu ya mashine au juu ya mama. Mama alikuwa amekuja mlangoni na kisu cha viazi mkononi.

Karani naye akafika, viatu vimejaa matope. "Amefungua?"

"Hajafungua. Ufunguo huu hapa. Na joto ni tisini na tano."

Nilimweleza. Alisikiliza huku akikunja uso. "Yaani volti zako zinajua saa? Zinasubiri saa kumi?"

"Mota ndiyo inajua saa, Bwana Karani. Sikiliza."

Tulisikiliza ngurumo ya mtoni. Aliitazama taa, kisha akanitazama mimi, na nikaona kwamba haniamini, na sikumlaumu. Asubuhi nilikuwa na hakika vilevile.

"Turekebishe kwanza, bwana," fundi akasema. "Mayai hayangoji kesi."

Hesabu ya tatu niliipiga chini ya ile ya asubuhi. Tunataka wati 240 kwa kelele ya volti 200. Basi ampea ni moja na nukta mbili. Mia mbili gawa kwa moja nukta mbili ni omu mia moja sitini na saba, karibu. Kwa omu kumi na mbili kila yadi, ni yadi kumi na nne, na ziada ndogo ya kutupa.

"Kata sita," nikasema.

"Una hakika?"

"Sina."

"Vizuri," akasema fundi, akazima stima, akakata sita.

Tulipowasha, sindano ya ampea ilipita moja ikakaribia kabisa moja na nukta mbili. Kipimo cha joto kilikaa pale pale kwa muda nilioweza kusema Baba Yetu mara mbili, na nilisema. Kisha tisini na sita. Tisini na nane. Mota ilikuwa bado inanguruma mtoni. Saa kumi na mbili kasorobo ilikuwa mia moja, na kibati kikasema tik.

"Wui!" mama akasema, na kisu kikamtoka mkononi.

Karani hakuwa ameridhika bado, na hapo ndipo alipofanya kazi yake vizuri kuliko mimi. Alisema, "Na mota ikizimwa? Si mtayapika hayo mayai?" Tukangoja wote wanne. Saa kumi na mbili na nusu ngurumo ikakatika. Taa juu yetu ikageuka nyeupe ghafla, na sindano ya volti ikapanda mbele ya macho yake mpaka 240 bila mtu kugusa kitu. Kwa waya ule mfupi hiyo ilikuwa zaidi ya wati mia tatu na arobaini. Joto likagusa mia moja na moja. Tik. Kibati kikakata. Likashuka. Tik.

"Askari wa pili," fundi akasema. "Huyu halali."

Karani akaomba daftari la mama. Aliligeuza ukurasa kwa ukurasa chini ya taa nyeupe, kidole kikishuka kwenye safu ya saa kumi. Tisini na sita, tisini na tano, tisini na sita. Kidole kikasimama. Akarudi nyuma ukurasa, akaenda mbele. "Jumapili ni mia moja," akasema. "Jumapili zote."

Hakuna aliyekuwa ameona hilo. Jumapili kahawa haimenywi.

"Jumapili saa kumi uko hapa, au uko kanisani?"

"Niko hapa, Bwana Karani. Kanisani naenda asubuhi, narudi. Mayai hayana Sabato."

"Hujawahi kufungua mlango kabisa?"

Mimi ningesema kabisa. Yeye akafikiri. "Nilifungua mara moja, wiki iliyopita. Mjusi alikuwa ameingia."

Karani alitoa kitabu chake, akautafuta mstari aliouandika juu ya mama, akaukata kwa wino mara mbili ili usisomeke. Chini yake akaandika kitu. Nilichungulia: "Mjusi, mara moja." Akamwambia mama kwamba chumba ni chake na mashine ni yake, na kwamba kesho atamweleza meneja habari ya waya mrefu wa mtoni. Akatoka haraka, kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani.

Nilijaribu kumwomba mama radhi. Nilianza vibaya, nikaanza tena. Alinikatiza. "Wewe angalau ulikaa ukatazama," akasema. "Wengine walijua bila kutazama." Sijui kama nilistahili hilo. Mchana nilikuwa mmoja wa hao wengine.

Jumamosi vifaranga walitoka, trei zimejaa kelele, si wote lakini wengi. Hata hivyo hilo ni la Jumamosi. Zile yadi sita nilizirudisha stoo, na mtu wa stoo akasema kitabu chake hakina mahali pa vipande. Nimezitunza katika kopo hadi leo, na bado sina hakika kama ni zangu.

Jioni ile ya Jumatano, tukiwa njiani kurudi, fundi alinipiga bega. "Mkavirondo, leo umeokoa kuku wengi kuliko nyinyi mnavyokula mwaka mzima huko kwenu, na hutaonja hata mguu!"

"Nitamsubiri mmoja akue, mzee."

"Ndiyo maana uliniambia nikate sita bila huruma: tumbo ndilo lililopiga hesabu!"

Nyumbani bibi yangu alikuwa ameshasonga ugali na kupika mboga ya mrenda. Hatujakaa vizuri, binti mkubwa wa mama yule alibisha hodi na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa: irio ya viazi na mbaazi, bado ya moto, na katikati yake yai moja la kuchemsha. Alikuwa ameagizwa aseme kwamba yai ni la kuku wao wenyewe, si la shamba, na akalisema mara mbili. Tulikula irio kwanza, kisha ugali na mrenda; yai tukaligawa, sisi wakubwa tukala weupe, mtoto akapewa kiini.